Mguu Wenye Hadithi Nyingi

Mwanamke alisimama mlangoni pa chumba cha kazi, mgongoni amembeba mtoto aliyekwisha kupita umri wa kubebwa. Fundi viatu hakungoja kuelezwa. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umekikumbatia kiuno cha mama yake. Wa pili ulining'inia tu, ukipepea kwa kila hatua kama mkono wa shati lililoanikwa. Fundi akaweka mezani msharasi wake wa kutobolea ngozi.

“Nimeambiwa wewe ndiye unayetengeneza yale mabuti,” mwanamke alisema.

“Mabuti gani?”

“Ya watu wa... ya wale wenye miguu ya namna hii.”

“Ya viwete. Sema tu, dada yangu. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, na neno hilo halijawahi kunitoboa sikio.”

Mwanamke akamwangalia kuanzia kichwani hadi chini ya meza, ambako mabuti mawili meusi yalikuwa yamekaa sambamba, yameng'arishwa yakang'ara. “Wewe? Mbona hata huonekani?”

“Ndiyo kazi yenyewe, nisionekane. Mlete hapa tumpime.”

Aliweka karatasi sakafuni, akamsimamisha mtoto juu yake huku mama amemshika makwapani, akazungusha penseli kwenye nyayo. Mguu wa kulia ulikuwa na joto na ulikuwa na ukorofi wa kitoto, ukikunja vidole kwa sababu ya mtekenyo. Wa kushoto ulikuwa baridi. Fundi aliijua baridi ile. Alilala nayo kila siku ya maisha yake.

“Alianza na homa?” aliuliza bila kuinua kichwa.

“Homa kidogo, kama mafua. Ikapoa. Asubuhi moja nikamsimamisha, akakaa chini. Nikamsimamisha tena, akakaa. Nikadhani ni deko, nikamchapa.” Mwanamke akamkaza mtoto makwapani. “Hospitali wakasema ni polio. Wakasema ni virusi, vinapita kwenye maji machafu na mikononi, na watoto wengi vinawapitia hata wasijulikane. Wangu vikamkalia.”

“Na matone ya chanjo?”

“Walipita mlangoni kwangu. Nikawaambia mtoto amelala.”

Fundi alivuta utepe wa kupimia. Alipima paja, goti, kifundo, akaandika tarakimu pembeni mwa karatasi, akamwambia arudi wiki ijayo. Mwanamke alipotoka ndipo fundi alipokumbuka kwamba hana kalibu za miguu midogo, yale maumbo ya mguu ya kuundia kiatu juu yake. Kalibu zile za mbao alizichonga mwenyewe ujanani, jozi kwa jozi, za miguu ya watoto wa rika zote. Miaka ile aliposikia redioni kwamba ugonjwa umefukuzwa nchini, yeye na mkewe walizipanga uani, wakazitia moto, wakachemshia chai. Mkewe, ambaye sasa ni marehemu, alicheka siku ile hadi akatokwa na machozi. “Chai ya miguu!” alisema. “Kunywa, mume wangu, hii haitapikwa tena.”

Sasa alikuwa amesimama mbele ya rafu tupu, na alichokuwa akikifikiria hakikuwa kalibu. Alikuwa akimfikiria mjukuu wake. Mtoto yule alikuwa akiishi naye nyumba moja, ndiyo kwanza ameanza kutembea, na tangu azaliwe hajawahi kuonja tone hata moja. Baba yake alikataa. Na fundi, wakati ule, alinyamaza, kwa kuwa aliamini kwamba kitu chenyewe hakipo tena duniani.

Mtaani walimwita Sawasawa. Jina lilianza kwa sababu ya jibu lake: ukimuuliza habari za asubuhi, sawasawa, za biashara, sawasawa, za mguu, sawasawa kabisa. Likakolea kwa sababu ya ufundi wake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa zaidi ya upana wa kiganja, lakini soli aliyojitengenezea ilikuwa na tabaka za kizibo na mpira zilizokatwa kwa namna ambayo jicho halikuona pa kuanzia wala pa kuishia. Ndani ya suruali kulikuwa na vyuma viwili na mikanda. Alitembea pole pole, kifua mbele, kama mtu anayejivuna kidogo. Wageni walidhani ni maringo, na yeye aliwaacha wadhani. Afadhali mtu akuone una maringo.

Alikuwa na miaka mitatu virusi vilipomkuta. Mama yake alimbeba hadi mgongo wake ukakataa, kisha akamfunga vipande vya tairi magotini, naye akaenda shule kwa kutambaa. Wenzake walimpanda mgongoni wakimpigia kelele za punda. Msimu wa mvua alifika darasani na matope hadi kifuani, na mwalimu alimkalisha mlangoni ili asichafue sakafu. Akiwa kijana alijifunza ushonaji wa viatu kwa fundi mmoja mgonjwa wa macho, kwa sababu ni kazi ya kukaa. Buti lake la kwanza lilimpa vidonda vya damu, la pili likampa usaha, la tatu likamsimamisha. Siku aliyosimama aliapa kwamba hakuna binadamu atakayemwona tena chini.

Na kweli hakuonekana. Alioa, akajenga nyumba ya vyumba vinne, akasomesha. Kuvua vyuma alivua chumbani, mlango umefungwa, na mkewe peke yake ndiye aliyempaka mafuta palipochubuka. Watoto walipouliza, aliwapa hadithi. Mara mguu ulikanyagwa na tembo. Mara alizaliwa hivyo, wa kulia ukawa na haraka ya kukua na wa kushoto ukasema unakuja nyuma. Mara alimwazima askari mmoja, akaurudisha umepungua. Watoto walicheka wakagaragara, wakadai nyingine, naye akatunga nyingine. Kwake kile kicheko kilikuwa kama mkanda wa nne juu ya ile mitatu, kilimshikilia vizuri.

Siku hizi hata mguu mzima ulikuwa umeanza kumgeuka. Daktari alimweleza kwamba ndivyo ugonjwa ule ulivyo, hurudi uzeeni kudai kilichobaki. Watu wakamuuliza hali, sawasawa, akajibu.

Jioni ile, wakati wa chakula, alianza maneno. Mwanawe, muuza vipuri vya pikipiki, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Mkamwana alikuwa akimlisha mtoto, yule ambaye babu yake alimpachika jina la Kisigino kwa sababu hakukauka chini ya meza ya kazi, miguuni pake.

“Leo nimempima mtoto buti,” fundi alisema. “Mdogo. Polio imerudi.”

“Pole yake,” mwanawe akajibu, akitafuna.

“Wiki hii wanapita nyumba kwa nyumba. Kisigino naye apewe.”

Mwanawe akaacha kutafuna. “Baba, tulishazungumza.”

“Wewe ulizungumza. Mimi nilikuwa nasikiliza.”

“Haya, sikiliza tena. Mimi nikiwa na homa, nani anakuja kunigongea mlango na dawa ya bure? Nikienda mwenyewe naambiwa dawa zimekwisha, kanunue. Hawa wanatembea juani na boksi la barafu begani, wananitafutia mtoto wangu mpaka chini ya kitanda. Wananipendea nini?”

“Wanakitafuta kirusi. Kirusi hakijui mwenye pesa na asiye nazo.”

“Tena sio mara moja. Leo matone, mwezi ujao matone. Dawa gani isiyomaliza kazi?”

“Mwanangu, huu mguu—”

“Ee, huo mguu!” Mwanawe akacheka, si kwa ubaya. “Tuuzungumze huo mguu. Umekunyima nini? Mke ulipata, tena mzuri. Nyumba hii. Sisi hapa. Baba, wewe una mguu mmoja na nusu na umefanya makubwa kuliko mimi mwenye miwili. Ugonjwa kama ndio huo, mbona mimi ninao mbaya zaidi, kodi ya duka.”

Mkamwana akatabasamu, akainamia bakuli. “Kwa kweli hatujawahi kukusikia ukilalamika, Baba,” alisema kwa adabu.

Basi fundi akawaeleza. Kwa mara ya kwanza maishani akawaambia habari za homa, za tairi magotini, za matope, za kelele za punda. Alieleza taratibu, jambo baada ya jambo, sauti yake haikupanda. Alipofika kwa mwalimu na mlango wa darasa, akamwona mwanawe anamkonyeza mkewe.

“Na tembo je?” mwanawe akauliza. “Alikuwa darasa gani?”

Mkamwana aliziba mdomo, lakini kicheko kilikwisha kumponyoka. Mtoto naye akacheka kwa kuona wakubwa wanacheka. Fundi aliwatazama wote watatu. Dawa ilikuwa moja tu, kukunja suruali pale pale mezani. Lakini mkamwana alikuwepo, na mkwe mwanamume hafunui mapaja mbele ya mke wa mwanawe. Akainuka, akasema ameshiba.

Watu wa chanjo walipita mtaani siku ya pili yake. Fundi alikuwa mjini kutafuta mbao laini za kuchongea kalibu. Aliporudi alikuta chaki mlangoni, alama ya nyumba iliyokwisha kupatiwa chanjo. Akaingia ndani akiita, “Kisigino wa babu yuko wapi?” Mtoto akaja mbio, akainua mkono kumwonyesha kidole cha mwisho cha kushoto, kimepakwa weusi juu ya ukucha kama walivyopakwa watoto wote mtaani. Fundi akamkumbatia. Mkamwana alikuwa uani anaanua nguo. Fundi alimwita kwa sauti, “Ahsante, mwanangu! Mungu akulinde!” Mkamwana alijibu kitu kisichosikika vizuri, akaendelea kuvuta nguo kambani.

Mtoto alikaa mapajani mwa babu yake mchana ule, akichezea vipande vya ngozi. Akatia kidole puani mwa babu, mchezo wake wa siku zote. Fundi akanusa. Akakishika kidole kile, akanusa tena. Wino wa watu wa chanjo haukuwa na harufu ile. Ile ilikuwa harufu ya spiriti na lami, harufu iliyokuwa kwenye nguo zake, kwenye mto wake, kwenye kikombe chake cha chai. Akageuza kidole kwenye mwanga. Ukingoni weusi ulikuwa umekimbilia kwenye kahawia. Akainuka akaenda kwenye rafu. Chupa ya rangi nyeusi ya viatu ilikuwa mahali pake, lakini imefungwa upande.

Hakupandisha sauti. Alikwenda uani, mtoto mkononi.

“Mama,” alimwambia mkamwana, “hii rangi ni ya viatu.”

Mkamwana aliacha ndoo. Hakujaribu kukana. “Mume wangu ameniambia, akiona mtoto amepewa, nichukue nguo zangu niondoke. Hii anajua ni rangi tu. Na wale wa chanjo nao wakiona kidole hakina wino hawatoki mlangoni, wanamwita mkubwa wao, mkubwa anamwita balozi wa mtaa. Ningekuwa wapi mimi, Baba? Juu au chini?”

“Ungeniambia mimi.”

“Wewe?” Alimtazama usoni, jambo asilolizoea. “Wewe ungesema sawasawa.”

Akapiga magoti pale pale kwenye maji ya kufulia. “Nisitiri, Baba. Alama ipo mlangoni, watu wametosheka, mambo yamekwisha. Nakuomba unisitiri.”

Fundi akamwambia ainuke. Hakumwambia ndiyo, hakumwambia hapana. Alirudi kwenye meza yake akachonga kalibu ya mguu wa yule mtoto mwingine, na kila aliposhika patasi aliona mkono wake ukichonga mguu mdogo zaidi.

Jioni ile akamwendea mwanawe kwa mara ya mwisho, wawili peke yao mbele ya nyumba. Hakutaja rangi. Alimwomba tu, kama mtu anavyomwomba mkubwa wake. Mwanawe akawasha pikipiki kuijaribu, akasema juu ya mngurumo, “Mtoto ni wangu, Mzee. Wewe wa kwako ulishawalea.”

Siku ya mwisho watu wa chanjo walirudi kuwatafuta waliosazwa. Walikuwa wawili, dada mmoja mwenye boksi la barafu na kijana wa kike wa kushika chaki. Walipita mbele ya nyumba ya fundi bila kupunguza mwendo. Alama yao ilikuwa mlangoni. Fundi aliwatazama wakipita. Wakafika nyumba ya jirani. Wakafika ya tatu.

“Dada!” aliita. “Dada wa chanjo! Rudini.”

“Hapo tulishamaliza, mzee wetu.”

“Hamjaanza.”

Walirudi. Mkamwana alikuwa ametokea mlangoni na mtoto kiunoni, uso umempauka. Majirani wawili watatu waliokuwa wakichambua mboga kivulini wakanyanyua shingo. Dada wa chanjo akakishika kidole cha mtoto, akakiangalia.

“Mbona ana alama?”

“Alama ni yangu,” fundi alisema. Akafungua chupa, akatumbukiza kidole chake mwenyewe, akakiweka kando ya kile cha mtoto. “Nuseni. Hii ni ya kupaka viatu.”

Mtu mmoja kivulini akapiga mluzi. “Kumbe mtoto kapigwa kiwi!” mwingine akasema, na kicheko kikapita.

“Baba,” mkamwana alisema kwa sauti iliyokatika, “nilikuomba unisitiri. Unanivua nguo barabarani?”

Fundi alimwangalia. Aliona kwamba ni kweli, ndicho alichokuwa akikifanya. Alikuwa amemvua nguo mke wa mwanawe mbele ya watu, na yeye mwenyewe amesimama pale na suruali yake iliyopigwa pasi.

“Basi nivuliwe na mimi,” alisema.

Akakaa kwenye kizingiti, akaanza kukunja suruali. Mkamwana akageuza uso. Fundi akafungua mkanda wa paja, wa goti, wa kifundo, akavuta vyuma, akalivua buti. Mguu ulitoka. Haukuwa na umbo la mguu wa mtu mzima; ulikuwa mguu wa mtoto uliorefushwa, paja jembamba kama mkono, ngozi ya rangi ya zambarau iliyokufa, na pale mikanda ilipokaa kulikuwa na makovu juu ya makovu, moja likiwa bado bichi. Kwenye kivuli hakuna aliyecheka.

“Utazame mguu huu,” alimwambia mkamwana. “Aibu yake ni yangu, wewe huna dhambi. Utazame, kisha uangalie ninavyotembea.”

Akajaribu kusimama. Mguu ulijikunja kama kitambaa, akaanguka kwa ubavu. Kisha akafanya alichoapa kutokifanya tena: akatambaa. Alikwenda kwa viganja na goti moja, mguu wa kushoto ukiburutwa nyuma yake, kutoka kizingitini hadi miguuni pa dada wa chanjo, mbele ya mtaa mzima. Vumbi lilimjaa mdomoni. Kisigino, aliyekuwa hajawahi kumwona babu yake chini, akadhani ni mchezo, akapiga makofi.

“Mpeni,” mkamwana alisema. Alikuwa analia kwa hasira, na alimsukuma mtoto mbele. “Mpeni upesi, ainuke hapo! Mpeni ayamalize haya!”

Dada wa chanjo akafungua boksi. Mtoto alikunja uso kwa uchungu wa matone, akayalamba, akameza. Wakampaka wino halali kwenye kidole cha mkono wa pili. Fundi aliyaona yote hayo kutoka chini. Alikuwa na furaha ambayo haikumpa nguvu ya kuinuka. Ilibidi majirani wamnyanyue.

“Baada ya wiki nne tutarudi, mzee,” dada wa chanjo alimwambia, akimpangusa vumbi shati. “Mara moja haitoshi. Ana safari bado.”

Mwanawe hakuja na makelele kama fundi alivyotarajia. Aliingia jioni, akakaa, akaweka simu mezani mbele ya baba yake.

“Tazama,” alisema.

Ilikuwa picha. Mtu fulani kivulini alikuwa ameipiga. Ilimwonyesha mzee anatambaa mavumbini, mguu uliokauka umemlalia nyuma, na mbele yake wanawake wawili wa chanjo wamesimama na boksi lao. Chini yake mtu alikuwa ameandika: *Mzee huyu alikuwa anatembea vizuri hadi jana. Angalieni matone yalivyomfanya. Waonye na wengine.*

Fundi alisoma mara mbili. “Lakini hii ni uongo.”

“Najua. Nimetumiwa na wateja wangu. Wengine hawajui kama wewe ni baba yangu, wengine wanajua ndiyo maana wanatuma.” Mwanawe alizungumza kwa utulivu uliotisha. “Sasa waambie. Waeleze kwamba mguu ulikuwa hivyo tangu utotoni. Nani atasadiki? Mtaa mzima unakujua unatembea. Umetembea mbele yao miaka arobaini, sawasawa, sawasawa. Mimi mwenyewe mwanao nimeuona mguu wako kwa mara ya kwanza kwenye simu.”

Fundi akaisukuma simu mbali.

“Ungenionyesha nikiwa mdogo,” mwanawe akasema. “Ungenionyesha hata juzi. Umekwenda kuwaonyesha majirani, na mke wangu ukamfanya kichekesho.”

“Ningekuonyesha ungempa matone?”

Mwanawe akafikiria. Ndilo lililomuumiza fundi kuliko yote, kwamba alifikiria kweli, uso wake ukawa wa yule mtoto aliyekuwa akidai hadithi nyingine. “Sijui,” akasema. “Sasa hatutajua.”

Wakahama kabla ya mwezi kwisha. Mwanawe alipata chumba upande wa pili wa jiji, karibu na duka, na hakuna aliyesema kwamba sababu ni ugomvi. Walisema ni umbali. Mkamwana alimuaga mkwewe kwa kupiga magoti kama desturi, macho yake yakiwa sakafuni. Kisigino alipakizwa juu ya magodoro, akapunga mkono.

Yule mwanamke wa siku ya kwanza alikuja kuchukua buti la mtoto wake. Lilikaa vizuri. Alilipa, akashukuru, na akiwa mlangoni akageuka kumuuliza kama ni kweli wanayosema, kwamba naye alilemazwa na matone. Fundi akamkumbusha alichomwambia siku ile, kwamba yeye ni kiwete, tena tangu kabla mwanamke huyo hajazaliwa. Mwanamke akaitikia kwa heshima, kwa ile namna ya mtu anayeitikia ili aondoke.

Wiki nne zilipotimia dada wa chanjo alirudi. Safari hii hakupita haraka. Milango mingi ilikuwa imefungwa mapema. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka boksi miguuni, akanywa maji.

“Kwenye mtaa huu tumepata watoto wachache,” alisema. “Kila mlango wananionyesha picha. Kuna mama amenifungulia mbwa.”

“Nitakwenda nawe,” fundi alisema. “Nitawaambia mwenyewe.”

“Mzee wangu, ukitokea wewe mbele, hata hao wachache watakimbia.” Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Akaangalia ndani. “Yule mdogo wetu yuko wapi? Leo ni zamu yake ya pili.”

“Wamehama.”

“Huko wanakoishi atapewa?”

Fundi alichukua simu akapiga pale pale, dada akisikiliza. Iliita sana. Akapokea mkamwana.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Kisigino hajambo?”

“Hajambo. Anakimbia sasa. Hashikiki.”

“Wiki hii wanapita tena. Huko kwenu wamefika?”

Nyuma ya mkamwana fundi alisikia mtoto akipiga kitu kama sufuria, na mwanamke mwingine akicheka kwa mbali.

“Wamefika,” mkamwana akasema, akishusha sauti. “Walikuja jana. Nilikuwa nimekaa na jirani yangu, mama mmoja mwema sana, ndiye aliyenipokea hapa. Akatoa simu akanionyesha ile picha. Akaniambia, mdogo wangu, usimwage damu yako, huyu mzee watu wanamfahamu. Sasa mimi ningesemaje, Baba? Ningesema ni mkwe wangu?”

“Ukawaambia nini watu wa chanjo?”

“Jirani ndiye aliyewajibu. Alisema hapa hakuna mtoto.”

Fundi aliondoa simu sikioni. Dada wa chanjo alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa ameinama anakaza mkanda wa boksi lake, kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka na mtaa ulikuwa bado mrefu.